Jina kwenye buletini: miaka ile serikali ilipotaka kuwabatiza watoto wetu

Chukua buletini ya mtoto yeyote wa Kiwanja, ile uliyoifunga ndani ya kitenge siku ya kukimbia pamoja na kadi ya uchaguzi. Juu kabisa utaona nafasi tatu za jina: nom, postnom, prénom. Familia zetu zilizovuka Bunagana na kuandikishwa Uganda zinajua taabu ya hiyo nafasi ya katikati. Karani wa huko hana mahali pa kuiweka. Anauliza postnom ni kitu gani, na mzazi hana jibu la haraka.

Jibu lipo. Lina zaidi ya miaka 50, na lilipitia darasani. Sisi tuliozaliwa wakati Mobutu anakaribia kuanguka tumepokea habari za Zaire kama hadithi ya nguo na nyimbo: abakosti, vitenge vyenye picha ya Guide, wanafunzi wakicheza barabarani kumpokea mkubwa fulani. Kwa waliotuzaa halikuwa jambo la nguo. Swali lao lilikuwa: mtoto akishaingia shuleni, ni wa nani?

Tuanzie nyuma kidogo. Tangu mapatano ya mwaka 1906 kati ya dola ya Leopold II na Vatikano, shule katika nchi hii zilikuwa zaidi mikononi mwa misioni za Kikatoliki. Waprotestanti walikuwa na shule zao pia, lakini walingoja hadi mwaka 1948 kupata msaada wa serikali ya kikoloni. Shule za serikali zisizo za dini, kwa ajili ya watoto weusi, zilikuja mwaka 1954 tu, na Wabelgiji wenyewe wakagombana sana juu yake. Kwa hiyo uhuru ulipofika mwaka 1960, kwa mtu wa Rutshuru, kusema shule ilikuwa karibu sawa na kusema misioni. Huko ndiko Joseph na Marie walikotoka. Na tusidanganyane: hata hayo majina yalikuja kwa amri. Babu hakuulizwa kama anapenda Joseph. Alipewa kwenye maji ya ubatizo, na bila ubatizo mlango wa shule ulikuwa mwembamba.

Ndiyo maana Mobutu alipoanza kusema juu ya urudio wa asili, ule alioita authenticité, watu wengi walipiga makofi, na hawakuwa wajinga. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Nani angelilia jina la Leopold? Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire. Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na kila raia akatakiwa kuacha jina la kizungu na kuchukua la mababu. Sheria ya mwaka 1973 juu ya majina ikakaza kamba. Padri atakayembatiza mtoto wa Zaire kwa jina la kizungu alitishiwa kifungo cha miaka 5.

Nafasi ya postnom ilizaliwa hapo. Jina la ubatizo lilipofutwa, watu walihitaji jina la pili la kuwatofautisha, na wakaliokota kwa babu, kwa shangazi, au kwa tukio la siku ya kuzaliwa. Kwa ndugu zetu Wanande kazi ilikuwa nyepesi upande mmoja na ngumu upande mwingine. Majina kama Kambale au Masika yalikuwepo tayari, yanafuata mpangilio wa uzao. Lakini darasa lenye akina Kambale sita, bila Jean wala Pierre wa kuwatenganisha, mwalimu alifanyaje siku ya kugawa matokeo? Postnom ilimwokoa.

Shuleni mambo hayakuishia kwenye majina. Kulikuwa na maneno yaliyotakiwa na maneno yaliyokatazwa. Bwana na Bibi kwa Kifaransa, monsieur na madame, yaliondolewa. Mwalimu akawa sitwayeni, na mwalimu mwanamke naye sitwayeni. Tai ilikuwa dhambi, suruali kwa mwanamke dhambi vilevile. Asubuhi kabla ya hesabu kulikuwa na bendera, wimbo na sifa za Guide. Kwa kanuni za MPR, chama kilichoundwa mwaka 1967, kila Mzaire alikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama. Katiba iliyorekebishwa mwaka 1974 iliufanya Umobutu kuwa mafundisho ya taifa. Mwalimu aliyesema neno lisilotakiwa hakuhitaji kosa lingine.

Upinzani wa kwanza uliosikika ulitoka Kinshasa. Kadinali Joseph-Albert Malula hakukubali tawi la vijana wa chama, JMPR, liwekwe ndani ya seminari. Mwanzoni mwa mwaka 1972 alinyang'anywa makao yake, akaenda Roma, akarudi baada ya miezi kadhaa. Gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne lilifungiwa kwa kuandika kwamba kurudi nyuma hakutatui matatizo ya leo. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau wanaposimulia ugomvi huu. Malula huyohuyo ndiye aliyetaka misa ya Kiafrika, yenye ngoma, yenye kuwaita mababu, na Roma iliikubali rasmi mwaka 1988. Hakuwa mtu wa kutetea uzungu. Alichokataa ni mtu mmoja kukaa ofisini na kuamua asili ya kila mtu ni ipi, kisha kumtuma mwalimu wa darasa la kwanza aisimamie.

Hali ilifika ukingoni mwaka 1974. Noeli iliondolewa katika sikukuu za serikali. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Mwisho wa mwaka huo Mobutu akatangaza kwamba shule zote za makanisa ni mali ya taifa. Vyuo vikuu vilikuwa vimeshachukuliwa tangu 1971 na kuunganishwa kuwa UNAZA. Misalaba ikashushwa ukutani, picha ya Rais ikapandishwa. Somo la dini likatolewa, likaingia somo la siasa ya chama.

Wazazi walifanya nini? Ukitafuta maandamano utatafuta sana. Kwa wakati ule kupinga chama kulikuwa kusaliti nchi, na hakuna aliyetaka mume wake achukuliwe usiku. Walifanya kile ambacho watu wa kwetu hufanya mbele ya mwenye nguvu: walisema ndiyo shuleni na kufanya yao nyumbani. Mtoto alikuwa na jina la daftari na jina la kanisani, na alijua lipi aitikie wapi. Muulize mzee yeyote aliyesoma miaka ile, atakutajia yote mawili bila kufikiri. Katekisimu ilitoka darasani ikahamia parokiani na kwenye mashirika, zile jumuiya ndogo za mtaa ambazo maaskofu walikuwa wameanza kuzijenga kabla ya hapo. Kwa maoni yangu, Mobutu ndiye aliyezipa nguvu bila kutaka. Alipofunga mlango wa shule, watu walijifunza kufundishana wenyewe kwa wenyewe, na mama asiyejua Kifaransa akawa mwalimu wa sala kwa watoto wa jirani.

Wengine walisema kwa sauti. Kwaresima ya mwaka 1976, Askofu Mkuu Eugène Kabanga wa Lubumbashi alitoa barua ya kichungaji akiwakemea wakubwa kwa wizi na rushwa, na kutetea heshima ya mtu mdogo. Ilisomwa mbali na Katanga.

Lakini ingekuwa uongo kusema barua na sala peke yake ndizo zilizorudisha shule. Pesa ilikwisha. Novemba 1973 serikali ilikuwa imenyang'anya maduka na mashamba ya wageni na kuyagawa kwa watu wake. Mengi yalikufa mikononi mwao. Halafu bei ya shaba ikaporomoka. Serikali ikabaki na maelfu ya shule isizoweza kuziendesha, vitabu hakuna, mishahara ya walimu inaishia njiani. Tarehe 26 Februari 1977 ilisaini mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: serikali itapanga programu, itakagua na kulipa, makanisa yataendesha. Waislamu walipata mkataba wao baadaye. Hizo ndizo shule tunazoziita konvensione mpaka leo, na huenda mtoto wako anasoma katika mojawapo. Somo la dini likarudi. Msalaba ukarudi ukutani, ingawa picha ya Rais haikushuka.

Angalia nani hakuwepo mezani siku hiyo ya 1977. Serikali ilikuwepo, makanisa yalikuwepo. Wazazi hawakuwa na kiti. Walikuja kupata nafasi miaka 15 baadaye, na kwa njia ya mfuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata kununua mihogo, migomo ikavuruga masomo, na maaskofu wakawaomba wazazi wachange ili watoto wasome. Ndiyo ile prime tuliyoizoea. Kwa karibu miaka 30 shule ya serikali ilibebwa na mama anayeuza maharage sokoni. Komite ya wazazi ilipata sauti kwa sababu ilikuwa inalipa, na mtoto wa asiyelipa alirudishwa nyumbani. Sijui kama hiyo ni sauti ya kujivunia. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ni bure, na elimu ya bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Tangu hapo nimehudhuria mikutano ya wazazi ambapo mtu anainuka kuuliza, na anajibiwa: wewe hulipi tena, unauliza kama nani? Hilo jibu ni baya. Mzazi wa mwaka 1974 hakuwa anahoji kwa sababu ya pesa. Alihoji kwa sababu mtoto ni wake.

Mobutu mwenyewe alilegeza tarehe 24 Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Aliruhusu tai na aliruhusu watu kuitana bwana na bibi wakitaka, ila akasema yeye hawatamwona amevaa tai. Majina ya ubatizo yakarudi mchana kweupe na kupewa nafasi ya tatu kwenye karatasi. Kuna kichekesho hapa. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iliandika kwamba jina litolewe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Ingia leo darasa lolote la Goma uite Grâce, Espoir au Dieumerci, uone mikono mingapi itainuka. Na postnom, iliyoletwa kwa vitisho, hakuna aliyeiacha. Tumeishika kwa hiari kwa sababu ndiyo inayobeba jina la bibi.

Mji wetu umebadilisha mikono mwaka 2008, 2012, 2013 na 2022. Kila mara risasi zikinyamaza, maswali ya wazazi huwa yaleyale: shule itafunguliwa lini, nani ataweka direkta, mitihani italetwa na nani, watoto wataambiwa waimbe nini. Anayenisoma akiwa Kiwanja anaelewa kwa nini nimeandika juu ya mwaka 1974.

Kwa mlioko mbali, iwe Goma, Kanyabayonga, Beni au ng'ambo ya mpaka, kuna jambo moja la haraka. Mtoto akiandikishwa shule mpya, mara nyingi jina linafupishwa. Postnom inaachwa kwa sababu ni ndefu, au prénom inaandikwa jinsi karani alivyoisikia. Miaka inapita, na kwenye orodha ya mtihani wa mwisho wa msingi au ya Exetat jina halilingani tena na buletini za zamani. Kurekebisha diploma ni safari, na ni pesa. Kwa hiyo kabla ya kusaini karatasi ya kuandikisha, soma nafasi zote tatu, herufi kwa herufi. Kama fomu ya huko ina nafasi mbili tu, omba waweke postnom pamoja na jina la kwanza katika nafasi moja, na piga picha ya karatasi hiyo ukaihifadhi kwa simu ya mtu mwingine pia.