Ukanushi na Wakati Uliopita katika Kiingereza cha Shule: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Kabatoro, Kasese na Bwera

Kiingereza kilifika Kabatoro kikiwa lugha ya ngome kabla ya kuwa lugha ya darasa. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard alifika kwenye ziwa la chumvi la Katwe na kujenga hapo Fort George. Shule za misheni zilifuata baadaye, zikiwa chini ya utawala wa Toro. Katika shule hizo mtoto wa Kikonzo aliyezungumza Lukonzo nyumbani alianza masomo kwa Rutooro, kisha akapelekwa kwenye Kiingereza. Malalamiko kuhusu lugha yalikuwa miongoni mwa yale yaliyozaa vuguvugu la Rwenzururu mwaka 1962.

Historia hiyo husaidia kueleza kosa moja linalojulikana sana na walimu: "did not went". Mara nyingi kosa hili huhesabiwa kuwa uzembe, ilhali lina mantiki yake. Katika Kiingereza alama ya wakati uliopita hukaa mahali pamoja tu. "Did" ikishaibeba, kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la msingi, "go". Kanuni hiyo si ya kale. Biblia ya Kiingereza ya 1611 bado hutumia sana umbo la "knew not", na "did not know" lilitawala kabisa baada ya hapo.

Lugha za Kibantu hufuata njia nyingine. Kiswahili hugeuza "alisoma" kuwa "hakusoma": -li- huondoka, -ku- huingia, na yote hutendeka ndani ya neno moja. Lukonzo, Rutooro na Runyankore nazo hubeba njeo kwa viambishi vya kitenzi, tena hutofautisha wakati uliopita wa karibu na wa mbali. Kiingereza husema "went" kwa safari ya jana na kwa safari ya mababu. Hivyo mwanafunzi hukabiliwa na kazi mbili kwa pamoja: kutawanya maana katika maneno mawili, na kuacha tofauti ambayo lugha yake huilazimisha.

Waraka wa Serikali wa 1992 ulielekeza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini vijijini, na Kiingereza mijini. Mtaala wa 2007 uliimarisha lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya kwanza. Lakini Katwe-Kabatoro ni mji mdogo wenye wasemaji wa lugha kadhaa, na Bwera iko mpakani mwa Kongo, ambako Kiswahili kimezoeleka sokoni. Mgawanyo wa mji na kijiji hauwatoshi watoto hawa.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kosa la kitenzi linaweza kumfungia mlango mtoto anayeelewa somo. Sera inayofaa ingewaandaa walimu kulinganisha vitenzi vya lugha hizi waziwazi, wakianza na kile ambacho mtoto tayari anakijua.