SMART (diski kuu)

SMART ni mfumo uliomo ndani ya diski kuu ya kompyuta unaoiwezesha kupima hali yake yenyewe, kuhesabu hitilafu zake na kutoa onyo kabla haijaharibika. Umo katika karibu kila diski kuu inayouzwa leo, iwe ya sahani zinazozunguka au ya chipu. Onyo lake ni la kuzingatiwa mara moja, lakini kimya chake si dhamana ya uzima.

Historia

Mwaka 1992 IBM iliweka katika diski za kompyuta zake za AS/400 uwezo wa kutabiri hitilafu. Mwaka 1995 Compaq, ikishirikiana na watengenezaji wa diski Seagate, Quantum na Conner, ilitoa mfumo wake ulioitwa IntelliSafe. Mifumo hiyo ndiyo iliyozaa kiwango kimoja cha pamoja chenye jina la SMART. Mwaka 2002 Bruce Allen alianzisha smartmontools, programu huria ambayo mafundi wengi huitumia hadi sasa kusoma hesabu hizo.

Utendaji

Diski hutunza orodha ya vigezo vyenye namba. Kila kigezo kina hesabu ghafi, na alama ambayo kwa kawaida huanzia 100 au 200 na kushuka kadiri hali inavyozorota. Mtengenezaji huweka kikomo. Alama ya kigezo muhimu ikishuka hadi hapo, diski hujitangaza kuwa inaelekea kufa.

Vigezo vinavyotazamwa zaidi vinahusu sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data. Sekta ikishindwa kusomeka, huingizwa katika hesabu ya zinazosubiri (kigezo cha 197). Ikija kuandikwa upya bila tatizo, hurudi kazini. Ikishindikana, nafasi yake huchukuliwa na sekta ya akiba, na hesabu ya zilizohamishwa (kigezo cha 5) hupanda. Kigezo cha 199 huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi mkosaji ni waya. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata waya ukibadilishwa, hivyo fundi hutazama kama bado inapanda.

Diski pia hufanya majaribio kwa amri: jaribio fupi la dakika chache, na jaribio refu linalosoma uso wote na kuweza kuchukua saa nyingi.

Mazingira ya Salgaa

Mfano wa mazingira magumu kwa diski ni Salgaa, mji wa malori katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, kando ya barabara kuu ya A8 iendayo Eldoret. Madereva wanaopeleka mizigo Uganda na nchi za mbele yake hulala hapo. Katika kituo cha aina hii, diski yenye kazi ngumu kuliko zote huwa ni ya kinasa picha cha kamera za usalama, kwa sababu huandika usiku na mchana bila kupumzika. Saa zake za kazi husomeka katika kigezo cha 9. Mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo ni saa 8,760.

Umeme ukikatika ghafla, kama ulivyokatika karibu Kenya nzima tarehe 25 Agosti 2023, diski hutumia nguvu ya sahani ambazo bado zinazunguka kurudisha vichwa vya kusomea mahali salama. Kwa kawaida urudishaji huo wa dharura huhesabiwa katika kigezo cha 192. Diski nyingi za kompyuta za mkononi huhesabu pia mishtuko, katika kigezo cha 191. Mitikiso ya safari ndiyo sababu vinasa picha vingi vya ndani ya magari hutumia kadi za kumbukumbu au diski za chipu. Diski za chipu hazina sahani wala kichwa, na SMART yake hupima zaidi uchakavu unaotokana na kuandikwa mara kwa mara.

Mwinuko nao una athari. Kutoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani, kikibebwa na utando wa hewa. Hewa ikiwa nyepesi, kichwa hushuka. Watengenezaji wengi huruhusu diski za hewa kufanya kazi hadi mita 3,048, kwa hiyo hata Timboroa imo ndani ya kikomo. Diski zilizojazwa gesi ya heli, ambazo kampuni ya HGST ilianza kuziuza mwaka 2013, hufungwa kabisa, na kigezo cha 22 huonyesha kama gesi inavuja.

Mipaka

Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la usomaji wakati wa ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote ya SMART, ukiacha joto. Hitilafu ya ghafla ya saketi, kwa mfano, haitanguliwi na sekta mbovu.

Hesabu zinaweza pia kuchezewa. Mapema mwaka 2025 iligunduliwa nchini Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya SMART yake kufutwa. Kumbukumbu nyingine ya mtengenezaji, iitwayo FARM, ndiyo iliyofichua saa halisi. Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba hana budi kulijua hilo.

Hatua baada ya onyo

Kigezo cha 5 au 197 kikianza kupanda, data hunakiliwa kwanza katika diski nyingine, ndipo jaribio refu lifanywe. Jaribio hilo hulazimisha diski kusoma uso wake wote, na diski dhaifu inaweza kufa kabla halijakamilika. Diski isiyo na onyo lolote nayo huhitaji nakala rudufu.