Maandishi ya Mathree: Nganya Inakuambia Nini Kabla Uingie?

Simama Railways jioni. Nganya mbili za Rongai zinaita, fare ni ile ile. Utapanda gani? Wengi wetu tunaingia ile imechorwa ikaiva. Kwa hivyo usidhani hayo maandishi ni urembo tu. Ni biashara.

Zilitoka wapi
Jina "matatu" lilitokana na nauli ya senti 30 enzi hizo, yaani sarafu tatu za senti 10. Zilikuwa zinabeba watu kimagendo hadi 1973, Mzee Jomo Kenyatta alipoziruhusu kufanya kazi bila leseni ya PSV. Gari zikawa mob, ushindani ukaanza, rangi ikaingia.

Husema nini
*Mbele na ubavuni:* jina la gari. Inaweza kuwa msanii, timu ya mpira, filamu ama mstari wa Biblia.
*Nyuma:* ujumbe wa anayefuata. Hapo ndio utapata mafumbo, kejeli kwa mahasidi na asante kwa mathe.
*Ndani:* stika za abiria. "Abiria chunga mzigo wako" kila mtu anaijua, na siku hizi mzigo unaweza kuwa boyfriend wako.

Ukicheki vizuri, ni kazi ile ile ya leso kule Pwani: kumwambia mtu ukweli bila kumtaja jina.

Vita na serikali
Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zilileta vidhibiti mwendo, mikanda na ile laini ya manjano. Michoro nayo ikafutwa. Usalama ulihitajika, hakuna ubishi. Lakini brashi haijawahi kugonga mtu. Uhuru Kenyatta akiwa rais aliitetea hii sanaa, michoro ikarudi barabarani. Kufika Novemba 2018, msako ukaanza tena.

Kwa nini tujali
Mchoraji wa mtaa hana ukumbi wa maonyesho. Kazi yake inatoka Kayole hadi tao kila siku, na hakuna kiingilio. Shida ni kuwa nganya ikichoka inapakwa upya, inapewa jina lingine, na ile kazi imeenda hivyo.

So ukiona moja imekubamba, piga picha. Halafu uliza makanga nani aliichora. Huyo msee ana jina pia.