Kipimo cha kingamwili za neva

Kipimo cha kingamwili za neva ni uchunguzi wa damu unaotafuta kingamwili zinazoshambulia neva za mtu mwenyewe, au pale neva inapokutana na msuli. Wakazi wengi wa Manyatta, mtaa mkubwa wa Kisumu, wamezoea kipimo cha VVU: kidole hudungwa, tone la damu huwekwa kwenye kitepe, mstari hujitokeza. Hicho nacho hutafuta kingamwili, ila hizo zimeumbwa kupambana na mgeni. Katika maradhi ya kingamwili za neva, mlinzi amemgeukia mwenye nyumba.

Historia
Mwaka 1973, Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwachanja sungura kwa kipokezi cha asetilikolini (sehemu ya msuli inayopokea ujumbe wa neva) kutoka kwa samaki wa umeme, sungura wakalegea. Mwaka 1976 kingamwili dhidi ya kipokezi hicho zilithibitishwa kwa wagonjwa wa miastenia gravisi, ugonjwa unaolegeza kope, taya na viungo. Mwaka 2004 ilitangazwa kingamwili ya ugonjwa unaoharibu neva ya jicho na uti wa mgongo.

Utaratibu
Tone la kidole halitoshi. Damu hutolewa kwenye mshipa wa mkono, huzungushwa kwa mashine hadi seramu ijitenge, kisha seramu husafirishwa kwenye baridi hadi maabara yenye vifaa.

Kusoma majibu
Kingamwili za kipokezi cha asetilikolini hupatikana kwa takriban asilimia 80 hadi 85 ya wenye miastenia iliyoenea mwilini, na kwa karibu nusu tu ya walioathirika macho pekee. Kwa hiyo jibu hasi haliondoi uwezekano wa ugonjwa. Jibu chanya nalo halijitoshelezi: mwaka 2017, kingamwili dhidi ya protini iitwayo leiomodini-1 ziliripotiwa kwa watoto wa Uganda wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, lakini zilikutwa pia kwa baadhi ya majirani wasiougua.

Kisumu
Ganzi ya miguu huweza kuletwa na VVU, kisukari au isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Hayo huchunguzwa kwanza. Kwa kope inayolegea, daktari huweza kuiwekea barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 2 hivi. Ikiinuka, miastenia hushukiwa. Barafu haikosekani kwa wauza samaki wa ziwani, na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia, haiko mbali na mtaa.

Mgonjwa anayeshindwa kumeza au kupumua apelekwe hospitali papo hapo. Asisubiri jibu la maabara.