Uhandisi wa programu: Kwa nini msimbo pekee hautoshi

Na Mwandishi Wetu

JUNI 4, 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka kituo cha Kourou, Guiana ya Ufaransa. Sekunde takriban 40 baada ya hatua za kurushwa kuanza, ikiwa kwenye kimo cha mita 3,700 hivi, iliacha njia yake, ikavunjika na kulipuka pamoja na setelaiti nne za utafiti ilizobeba.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati wa Kifaransa, Jacques-Louis Lions, ilitoa ripoti mwezi uliofuata. Chanzo hakikuwa injini wala mafuta, bali programu ya kompyuta.

Hadi leo mkasa huo hutumika kuwafundisha wanafunzi uhandisi wa programu, taaluma ya kubuni, kuandika, kujaribu na kutunza programu kwa utaratibu maalumu.

Jina la taaluma hiyo lilipata umaarufu Oktoba 1968, katika mkutano ulioandaliwa na Kamati ya Sayansi ya NATO mjini Garmisch, Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Uwezo wa kompyuta ulikuwa ukikua haraka, lakini programu nyingi zilichelewa, zilizidi bajeti na zilijaa kasoro.

Hatua tano

Kazi ya mhandisi wa programu kwa kawaida hugawanywa katika hatua tano.

Ya kwanza ni mahitaji, yaani kubainisha mfumo unatakiwa kufanya nini. Katika huduma ya kutuma fedha kwa simu, kwa mfano, ni lazima ijulikane mapema: mtandao ukikatika katikati ya muamala, fedha zibaki kwa nani?

Ya pili ni usanifu, ambapo mfumo hugawanywa katika sehemu na kuamuliwa jinsi sehemu hizo zitakavyowasiliana. Ya tatu ni kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata.

Ya nne ni majaribio. Kila sehemu hujaribiwa peke yake, kisha mfumo mzima hujaribiwa katika mazingira yanayofanana na yale utakamotumika. Ya tano ni matunzo: kurekebisha kasoro na kubadili programu kadiri mahitaji yanavyobadilika. Hatua hii inaweza kudumu miaka mingi.

Kilichotokea kwa Ariane 5

Sehemu ya programu iliyosababisha ajali ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi ya awali, ambako ilifanya kazi bila matatizo. Lakini Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda mlalo. Namba iliyotokana na mwendo huo ililazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16, ambayo haiwezi kubeba namba inayozidi 32,767.

Namba ilizidi kipimo. Maelekezo yalitaka kompyuta ya uelekezaji ijizime ikigundua hitilafu, nayo ikajizima. Kompyuta ya akiba haikusaidia, kwa kuwa ilikuwa na programu ileile na ilikuwa imezimika muda mfupi kabla kwa sababu hiyohiyo. Zaidi ya hayo, hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini.

Tume ilibaini kuwa takwimu za njia ya Ariane 5 hazikuwekwa katika mahitaji ya kifaa hicho, na hakikujaribiwa kwa takwimu hizo. Hivyo, kasoro ilianzia katika hatua ya kwanza na haikunaswa katika hatua ya nne.

Mbinu za kazi

Mwaka 1970, Mmarekani Winston Royce alieleza mfumo wa kufuata hatua moja baada ya nyingine, huku akionya kuwa kufanya hivyo bila kurudi nyuma kusahihisha ni hatari. Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, Utah, Marekani, wakatoa tamko la kuhimiza kazi ifanywe kwa vipande vidogo, mteja akishirikishwa mara kwa mara.

Mbinu nyingine ni kuhifadhi kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo ili ikibidi irejeshwe hali ya awali. Git, chombo maarufu cha kazi hiyo, kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Aidha, msimbo wa mhandisi mmoja husomwa na mwenzake kabla ya kupokelewa.

Ushauri kwa wanaoagiza mifumo

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kasoro ya programu inaweza kugusa moja kwa moja mfuko wa mwananchi wa kawaida.

Mwenye duka, shule au chama cha kuweka na kukopa anayeagiza mfumo hana haja ya kujua kuandika msimbo. Anapaswa kuhakikisha mahitaji yake yameandikwa, mfumo umejaribiwa kwa hesabu zinazofanana na zake, na mkataba unamtaja atakayeutunza. Akiambiwa kuwa mfumo huo tayari unafanya kazi vizuri kwingineko, aombe ujaribiwe upya katika mazingira yake kabla ya kulipa.