Ladi Kwali: Mtungi uliopata kioo ukapoteza kazi

LADI Kwali, mfinyanzi ambaye picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria, alizaliwa mnamo mwaka wa 1925 hivi katika kijiji cha Kwali, katikati mwa nchi hiyo. Miongoni mwa jamii yake ya Wagwari, ambao hujiita Wagbagyi, ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Alifunzwa na wanawake wa ukoo wake angali mdogo.

Mtungi wa Kigwari haukuhitaji gurudumu. Mfinyanzi aliweka bonge la udongo, akalichimba katikati kwa ngumi na kuzivuta kuta zake, kisha akaongeza pindi nene za udongo, moja juu ya nyingine. Mtungi ulitulia pale pale. Aliyezunguka ni mfinyanzi mwenyewe. Udongo ukiwa bado mbichi, alichora mistari, mijusi, nge, mamba, nyoka na ndege. Hatimaye vyombo vilirundikwa uwanjani na kuchomwa kwa kuni na nyasi.

Mitungi ya Ladi ilipendwa kiasi kwamba mara nyingi ilinunuliwa kabla ya kufika sokoni. Mingine iliingia katika kasri la Emiri wa Abuja, na humo ndimo Michael Cardew alimoiona mwaka wa 1950. Cardew, Mwingereza aliyejifunza kazi kwa Bernard Leach mjini St Ives, aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuendeleza ufinyanzi. Mwaka wa 1952 kituo cha mafunzo kilifunguliwa Abuja, mji ambao baadaye uliitwa Suleja, jina lake lilipochukuliwa na mji mkuu mpya. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume. Ladi alijiunga nao mwaka wa 1954, akiwa mwanamke wa kwanza.

Tanuri na gilezi

Kituoni alikuta mambo mawili mageni kwake. La kwanza ni tanuri. Moto wa uwanjani ni nadra kupita nyuzi 900 za Selsiasi, ilhali tanuri la kuni la Abuja lilipita nyuzi 1,200. Katika joto hilo udongo ufaao huanza kuyeyuka, vinyweleo vyake hufungana, na chombo hugeuka kauri ngumu kama jiwe.

La pili ni gilezi, yaani miamba iliyosagwa na majivu ya kuni yaliyokorogwa kwa maji. Chombo hupakwa au kuchovywa humo, na tanurini mchanganyiko huo huyeyuka na kuwa utando wa kioo. Rangi hutegemea madini ya chuma na hewa. Moto ukinyimwa hewa, chuma kidogo hutoa kijani kilichofifia kiitwacho seladoni. Chuma kingi hutoa kahawia iliyokoza au weusi.

Ladi alijifunza pia gurudumu, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono. Kilichobadilika ni namna michoro ilivyoonekana. Mifereji aliyochora ilijazwa uji wa udongo mweupe, kisha gilezi ikatandazwa juu. Mtungi ulipotoka motoni, mjusi mweupe alionekana chini ya kijani king'aavyo.

Mitungi hiyo ilionyeshwa London mwaka wa 1958, 1959 na 1962. Mwaka wa 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari.

Hata hivyo, kuna kilichopotea. Mtungi wa kijijini hupoza maji kwa kuwa udongo wake hupenyeza: maji hupita polepole katika vinyweleo, hufika nje na kugeuka mvuke, nao mvuke huo huondoka na joto. Kauri ngumu yenye gilezi haipenyezi. Kwa hiyo kazi iliyompa Ladi sifa ng'ambo haikuweza kumpa mama wa Kwali maji baridi. Ilibaki na umbo la mtungi, ikawa pambo la wanunuzi na makavazi.

Aidha, sifa za Abuja kwa miaka mingi zilielekezwa kwa Cardew, kana kwamba mwanafunzi hakuja na lolote. Ukweli ni kwamba Ladi alifika kituoni akiwa tayari stadi. Cardew alimwongezea tanuri na gilezi. Mkono ulikuwa wake.

Mkenya mmoja alilitambua hilo. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, alikuwa akisomea sanaa mjini Farnham, Uingereza, alipozuru Abuja mwaka wa 1974 na kujifunza kujenga vyombo kwa mkono kutoka kwa Ladi na wanawake wenzake. Vyombo vilivyompa Odundo umaarufu havina gilezi. Huvisugua hadi ving'ae, na moto huvipa rangi nyekundu au nyeusi. Alichochukua Abuja ni kile ambacho Ladi alitoka nacho Kwali.

Ladi Kwali alifariki mwezi Agosti 1984. Kituo cha Abuja kilipewa jina lake. Mitungi yake imehifadhiwa, miongoni mwa kwingine, katika British Museum jijini London. Anayeitazama huvutwa kwanza na kioo cha kijani. Chini ya kioo hicho mna mijusi na nge wale wale waliochorwa kwenye mitungi ya maji ya Kwali.