Kambi Zisizo na Ukuta: Chapa za Kompyuta Mpakato katika Vita vya Blu-ray na HD DVD

Katikati ya mwaka 2006, mnunuzi wa Marekani mwenye fedha za kutosha aliweza kuchagua kati ya kompyuta mpakato mbili zilizofanana karibu kwa kila kitu. Toshiba Qosmio G35 iliuzwa dola 2,999. Sony Vaio ya toleo la AR iliuzwa takriban dola 3,500. Zote zilikuwa na kioo cha inchi 17, zote nzito kiasi kwamba mapaja ya mtu yasingezivumilia kwa muda wa filamu nzima, na zote ziliahidi picha ambayo DVD ya kawaida haikuweza kuitoa. Tofauti kubwa ilikuwa ubavuni, kwenye mlango wa diski. Ya Toshiba ilisoma HD DVD, ya Sony ilisoma Blu-ray, na hakuna iliyosoma diski ya mwenzake.

Kisa hiki husimuliwa kama vita vya kambi mbili zilizojipanga na kupimana nguvu hadi moja ikasalimu amri. Sikubaliani na sehemu muhimu ya simulizi hilo. Chapa za kompyuta mpakato hazikuwa kambi, zilikuwa mabango ya kambi. Nyuma ya mabango hayo makampuni yaliyogombana hadharani yaliendelea kumiliki viwanda kwa ubia, kubuni chipu pamoja na kulinda kufuli moja. Ndiyo maana uaminifu wa mnunuzi kwa chapa yake haukuweza kugeuzwa silaha, na ndiyo maana pia, umbizo liliposhindwa, chapa iliyolibeba haikuadhibiwa sokoni.

Mpangilio wa hadharani unajulikana na hauhitaji maneno mengi. Tarehe 19 Februari 2002 makampuni tisa (Hitachi, LG, Matsushita, Philips, Pioneer, Samsung, Sharp, Sony na Thomson) yalitangaza Blu-ray. Toshiba na NEC walileta mbadala wao mwaka huohuo, na mwaka 2003 jukwaa lililosimamia DVD likaupitisha kwa jina la HD DVD. HP na Dell waliingia upande wa Blu-ray mwanzoni mwa 2004, Apple ikafuata Machi 2005. Mazungumzo ya kuunganisha maumbizo hayo mawili yalivunjika mwaka huo wa 2005, na Septemba Microsoft na Intel wakajitokeza kuiunga mkono HD DVD.

Tamko hilo la Septemba linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo kompyuta mpakato zilipoingizwa rasmi katika hoja. Miongoni mwa sababu zilizotolewa na makampuni hayo mawili ni kwamba HD DVD ingefaa zaidi mashine nyembamba. Dai hilo lilikuwa na msingi wa kiufundi. Maumbizo yote mawili yalitumia leza ya buluu-zambarau yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405. Ila katika HD DVD data ilikaa chini ya tabaka la milimita 0.6, kina kilekile cha DVD, ilhali katika Blu-ray ilikaa milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski. Ukaribu huo uliiwezesha Blu-ray kubeba gigabaiti 25 kwa kila safu dhidi ya 15 za mwenzake. Gharama yake ikaangukia kwa fundi wa kiendeshi: sehemu moja ya kusomea, iliyobanwa ndani ya kasha jembamba, sasa ilipaswa kuzisoma CD, DVD na diski mpya zenye vina vitatu tofauti. Kwa HD DVD kazi hiyo ilikuwa nyepesi kidogo, na viwanda vya kuchapa DVD viliweza kurekebishwa bila kubomolewa.

Hata hivyo HP na Dell, waliokuwa wakiuza kompyuta nyingi kuliko Toshiba, walijibu ndani ya siku chache tu kwamba hawaoni tatizo. Hapa ndipo mtu anapoanza kushuku iwapo ubishi ulihusu mpakato kweli. Microsoft haikuwa ikitengeneza kompyuta mpakato wakati huo. Ilikuwa na teknolojia yake ya menyu za diski, iHD, iliyoshindana na ile ya Blu-ray iliyojengwa juu ya Java. Wembamba wa kiendeshi ulikuwa hoja ya kweli iliyotumwa kufanya kazi ya hoja nyingine.

Albert Hirschman, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu kutoka, kupaza sauti na uaminifu, alieleza kwamba mwanachama asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kulalamika akiwa ndani, na kwamba uaminifu humchelewesha kuondoka na hivyo kuipa sauti yake nafasi ya kusikika. Sijui mfano unaomfaa kuliko HP. Oktoba 2005, ikiwa bado ndani ya Blu-ray, iliomba mambo mawili: mnunuzi aruhusiwe kunakili filamu yake kwa utaratibu maalumu ndani ya kompyuta yake, na iHD ikubaliwe. La kwanza lilikubaliwa, la pili likakataliwa. Desemba HP ikatangaza kuyaunga mkono maumbizo yote mawili. Ilipaza sauti, ikapata nusu, ikatoa mguu mmoja nje. Baadaye iliuza kompyuta mpakato zenye viendeshi vya HD DVD huku jina lake likiwa bado kwenye orodha ya Blu-ray.

Mnunuzi wa Qosmio hakuwa na mojawapo ya njia hizo. Hakuwa na kiti mezani cha kupazia sauti, na kutoka kwake kulimaanisha kutupa dola elfu tatu. Nadharia za uaminifu wa chapa hupenda kumchora mtu huyu kama muumini. Mimi namwona zaidi kama mtu aliyenunua mashine kwa sababu ya kibodi aliyoizoea, huduma ya matengenezo aliyoijua na faili alizotaka kuhamisha bila usumbufu, kisha akakuta ndani yake kuna umbizo ambalo hakulipigia kura.

Na hata angetaka kuwa muumini, angeamini kambi ipi? Mwaka 2004 Toshiba iliunda kampuni ya ubia ya kutengeneza viendeshi vya diski, na mbia wake alikuwa Samsung, mmoja wa waasisi tisa wa Blu-ray. Aprili 2006, mwezi uleule ambao deki za kwanza za HD DVD zilifika madukani Marekani, Sony na NEC walianza biashara ya pamoja ya viendeshi. NEC ndiye aliyeibuni HD DVD pamoja na Toshiba. Kwa hiyo mwanzilishi wa kila umbizo alikuwa akigawana faida ya viendeshi na mwanzilishi wa umbizo pinzani.

Cell inashangaza zaidi. Chipu hiyo ilibuniwa na Sony, IBM na Toshiba katika ushirika ulioanza 2001, na ndiyo iliyokuwa moyo wa PlayStation 3. Mashine hiyo ya gemu ilitoka Novemba 2006, kila moja ikiwa na kiendeshi cha Blu-ray, na wachambuzi wengi wanaihesabu kuwa iliyoivunja HD DVD mgongo. Toshiba, kwa maneno mengine, ilisaidia kusuka kamba iliyoinyonga. Haikuonekana kulalamika. Mwanzoni mwa 2008 iliafikiana na Sony kukinunua kiwanda cha Nagasaki kilichotengeneza chipu hizo, na mwaka huohuo ikatoa Qosmio mpya zenye chipu ndogo iliyotokana na Cell, kazi yake ikiwa ni kuboresha picha za DVD za kawaida ili zikaribie ubora wa juu. Aliyenunua Qosmio ya 2006 aliuziwa HD DVD. Wa 2008 aliuziwa sababu ya kutoihitaji diski yoyote mpya.

Kufuli lilikuwa moja pia. Filamu za maumbizo yote mawili zilifungwa kwa mfumo wa AACS, na mfumo huo uliasisiwa na makampuni manane: Disney, IBM, Intel, Matsushita, Microsoft, Sony, Toshiba na Warner. Mahasimu wa magazetini walikaa meza moja lilipokuja suala la kumdhibiti mnunuzi. Mapema 2007 wadukuzi walipochimbua funguo za siri kutoka katika programu ya WinDVD, iliyotumiwa kuchezesha filamu kwenye kompyuta, funguo hizo zilibatilishwa na kampuni ya Corel ikalazimika kutoa toleo jipya. Asiyelisakinisha alipoteza uwezo wa kuchezesha diski alizozilipia. Wa HD DVD na wa Blu-ray walipata karaha ileile. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba mstari wa kweli ulipita kati ya wenye filamu na wenye mashine upande mmoja, na mtazamaji upande wa pili.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Mtu atasema PlayStation 3 inathibitisha kinyume: wapenzi wa PlayStation waliifuata chapa yao, wakaibeba Blu-ray hadi ushindi. Lakini hebu tuangalie jinsi walivyoibeba. Aliyelipa dola 499 au 599 alilipia gemu, na kiendeshi nacho kilikuja apende asipende. Mmiliki wa Xbox 360, kinyume chake, alitakiwa kurudi dukani na kuongeza dola 199 ili apate kiendeshi cha HD DVD cha kuchomeka pembeni. Uaminifu kwa Microsoft haukuwa haba, ila ulipotakiwa kufungua pochi mara ya pili kwa ajili ya umbizo, wengi waliishia mlangoni. Ninachokiona hapa ni nguvu ya kufungasha. Chapa iliweza kulihamisha umbizo pale tu ambapo mnunuzi hakuulizwa.

Kwenye kompyuta mpakato aliulizwa. Dell, kwa mfano, iliitoa Blu-ray kama nyongeza ya hiari kwenye XPS M1710, mashine ya wacheza gemu. Na mtu anayejaza fomu ya kununua kompyuta, akifika kwenye kisanduku cha kiendeshi ghali kisicho na filamu nyingi, huhitaji sababu nzuri ya kukitia alama. Zaidi ya hapo, tofauti ya ubora inayoonekana ukutani kwenye televisheni kubwa hufifia kwenye kioo cha inchi 15. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki ya miaka hiyohiyo nafasi ya diski ilitumiwa kwa mantiki tofauti kabisa: DVD moja ilibanwa filamu kumi na zaidi, picha ikafifia, na wateja wakaridhika. Hilo linatukumbusha kwamba gigabaiti zinaweza kununuliwa kwa ajili ya wingi badala ya ung'avu, jambo ambalo wahandisi wa pande zote mbili hawakulipa uzito.

Uamuzi ulitoka kwa wenye filamu. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na studio zilifurahi: Agosti 2007 Paramount na DreamWorks ziliegemea HD DVD peke yake, kwa malipo yaliyoripotiwa kufikia dola milioni 150. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ikaelekea upande wa pili, na upande wa HD DVD ukafuta mkutano wake na waandishi kwenye maonyesho ya Las Vegas. Februari Netflix, Best Buy na Walmart wakaifuata Warner. Tarehe 19 Februari 2008, miaka sita kamili tangu Blu-ray itangazwe, Toshiba ilijitoa. Katika mnyororo huo wote hakuna kiungo kimoja kilichokuwa mtengenezaji wa kompyuta mpakato akiwa katika nafasi hiyo.

Aliyetangaza kujitoa alikuwa rais wa Toshiba, Atsutoshi Nishida, na hili si la kupita hivihivi. Nishida aliinuka ndani ya kampuni kwa kuuza kompyuta mpakato. Ndiye aliyeipigania T1100 ya 1985 katika soko la Ulaya wakati wakubwa wake mjini Tokyo hawakuwa na imani nayo. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua uaminifu wa wanunuzi wa mpakato unaweza kubeba nini, alikuwa huyu. Alifunga biashara ya HD DVD ndani ya wiki chache baada ya tamko la Warner, wala hakusubiri kuona kama wateja wa Qosmio wangeiokoa.

Soko lilimpa haki. Mwaka 2008 na 2009 Toshiba ilibaki miongoni mwa wauzaji watano wakubwa wa kompyuta duniani. Mashine zake zenye HD DVD ziliendelea kusoma DVD za zamani, kuandika barua na kupiga hesabu, na kwa wengi hayo ndiyo yaliyokuwa matumizi yenyewe. Agosti 2009 kampuni iliomba kujiunga na chama cha Blu-ray, na haikuwachukua wanunuzi muda kuziona Qosmio zikisoma diski ya adui wa jana.

Apple inaikamilisha hoja kwa upande wa washindi. Ilikaa kwenye bodi ya Blu-ray tangu 2005, lakini haikuwahi kuuza hata Mac moja yenye kiendeshi hicho. Oktoba 2008, miezi minane baada ya ushindi, Steve Jobs aliulalamikia hadharani ugumu wa leseni zake. Wakati huo MacBook Air ilikuwa tayari sokoni bila kiendeshi chochote, na filamu za kukodi zilikuwa zikipakuliwa kupitia iTunes. Wateja wanaosifika kwa uaminifu kuliko wote hawakupewa umbizo lililoshinda, na hawakuondoka.

Sony iliiuza Vaio mwaka 2014, ikiwa na umbizo lililotawala na biashara ya kompyuta isiyolipa. Toshiba iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya kompyuta mwaka 2018 na kumalizia hisa zilizobaki 2020. Aliyeinunua ni Sharp, mmoja wa wale tisa wa Februari 2002.